Njia Saba Hupitwa kwa Kuitwa

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwa woga, la hasha. Sisi hatuna la kuogopa, tumeambiwa hivyo mara nyingi. Ni kwamba kisheria jina lile halitamkwi mpaka kwanza watambuliwe Baba Mwasisi, Mama Mwasisi, na wajomba wa Mwasisi waliopo na waliotutoka, na nikianzia hapo hadithi itaisha kabla haijaanza. Tuseme tu kwamba ni nchi nzuri, iko mahali, na ina barabara.

Barabara zenyewe ni saba. Zilijengwa na mawaziri saba, kila mmoja akianzia mlangoni kwake, na zote zikaelekezwa mahali pamoja panapoitwa Kitovu cha Taifa. Wahandisi walishauri moja iingie kwenye nyingine huku, na nyingine kule, ili magari yapate kupumua. Mawaziri walikataa katakata. Barabara inayoingia kwenye nyingine ni mtoto wa hiyo nyingine, na hakuna waziri aliyekuwa tayari barabara yake iitwe mtoto. Basi zote zikaja zimenyooka, hakuna iliyopinda hata kidogo kwa hisani ya mwenzake, zikagongana vichwa pale Kitovuni. Tukapaita Njia Saba, tukapiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikavimba.

Likabaki swali dogo la nani apite kwanza. Kipilefti kilijadiliwa kikakataliwa, maana kwenye kipilefti hata mkubwa huzunguka, na mkubwa hazunguki, huzungukwa. Zikaletwa taa. Ziliwashwa asubuhi, mchana zikang'olewa, baada ya taa nyekundu kumsimamisha waziri huku taa ya kijani ikimruhusu muuza mkaa mwenye baiskeli. Ilielezwa bungeni kwamba taa zile hazikuwa na malezi.

Ndipo tukakumbuka kwamba tuna utamaduni wetu. Kwetu, hata kisima kikizinduliwa, atatajwa mgeni rasmi, kisha aliyefuatana na mgeni rasmi, kisha aliyemsindikiza aliyefuatana, na maji yatangoja. Itifaki imetulea sote. Ikatungwa sheria ya mstari mmoja: Njia Saba hupitwa kwa kuitwa, na huitwa kwa ukubwa. Akatafutwa mtu wa kuita.

Wakanipata mimi.

*

Naitwa Ramia, ila watu waliniita Kipaza, kwa heshima ya kipaza sauti ambacho hakikunitoka mkononi tangu ujana. Nilikuwa mshereheshaji wa harusi. Sijisifu, lakini sherehe niliyoiendesha mimi haikusahaulika. Kuna bwana harusi aliyekaribishwa ukumbini na mimi kwa maneno mengi na mazuri hata alipofika mbele bibi harusi alikuwa amekwenda zake nyumbani kulala. Mtu mwenye kipaji cha namna hiyo serikali haiwezi kumwacha akaozea kwenye harusi.

Nikajengewa jukwaa katikati ya Njia Saba, lenye kivuli, zulia na jagi la maji. Nikapewa cheo cha Mshereheshaji Mkuu wa Makutano, na msaidizi mmoja, kijana mtu mzima aitwaye Chande, ambaye kazi yake ilikuwa kunishikia jagi na kunitazama mdomoni. Gari likifika, dereva anashuka, anakuja kunieleza ndani kuna nani na huyo nani ni nani. Nami napanga, naita: "Kwa heshima na taadhima, anapita sasa Mheshimiwa Waziri wa Viti na Meza, akifuatiwa na gari la kiti chake, akifuatiwa na gari la meza yake." Wakilingana vyeo, hutangulia aliyeteuliwa mapema. Wakiwa waliteuliwa siku moja, hutangulia yule ambaye utambulisho wake ni mrefu zaidi, na hapo ndipo walipokuwa wakininong'oneza niongeze jambo. Nami naongeza, sina choyo.

Wasio na cheo walipita mwisho, kukiwa na nafasi. Nafasi haikuwapo, lakini hakuna aliyesema haitakuwapo. Watu wakakaa foleni, wakazoea. Foleni ikapata mwenyekiti. Lakini mwenyekiti ni cheo, na mwenye cheo huitwa, kwa hiyo kila alipochaguliwa mwenyekiti aliitwa akapita, foleni ikabaki haina kiongozi, ikabidi uitishwe uchaguzi mwingine. Ndivyo foleni yetu ilivyokuwa ikisogea, mtu mmoja kila uchaguzi, na wageni kutoka nchi za nje wakastaajabia demokrasia yetu.

Walioharibu sifa yetu ni mbuzi. Kila adhuhuri mbuzi wa mtaa wa Kivumbasi walikuja, wakatazama huku na huku, wakaona hakuna kilichowazuia, wakavuka. Nilikuwa nikiwakemea kwa kipaza sauti. "Mbuzi, mbuzi, ustaarabu," nasema, na watu kwenye foleni hutikisa kichwa kwa masikitiko. Sisi tulikuwa watu, tungeweza kungoja.

*

Muda si mrefu Redio ya Taifa ikaanza kurusha Njia Saba moja kwa moja, kwa kuwa habari nyingine zote zilikuwa za watu waliokwama Njia Saba. Sauti yangu ikaenda nchi nzima. Nami nikaona si vibaya jamaa zangu wakawa wa kwanza kunufaika. Nikanunua spika kubwa, lile la pembe, nikalipandisha juu ya paa la nyumba yetu huko Kivumbasi, nikaliunga na redio ya ndani kwa nyaya nilizookoteza hapa na pale.

"Fundi umeme amepita?" akauliza Siwema, mke wangu.

"Mimi napanga mawaziri, mke wangu. Nishindwe na nyaya mbili?"

"Mawaziri hawapigi shoti, mume wangu. Na paa ni la makuti."

Nilimwonea huruma kwa kutokuelewa mambo makubwa. Mama yangu, Bi Mize, ambaye miguu ilikwisha kumstaafisha na hatoki chumba cha ndani bila ya kubebwa, naye alilalamika kidogo. Alisema alinizaa mara moja na hakuahidi kunisikiliza kutwa. Nikacheka, nikaongeza sauti.

*

Siku ninayoisimulia, Mheshimiwa Waziri wa Viti na Meza alikuwa akipita kwenda kuzindua benchi. Upande wa pili alikuja Mheshimiwa Waziri wa Mapazia, anayekwenda kulifunua benchi hilohilo. Waliteuliwa siku moja, saa moja, kwa kalamu moja. Nikawaambia wasiwe na shaka, wamefika kwa mwenyewe. Nikaanza kuwatambulisha kwa zamu, mmoja shule aliyosoma, mwingine shule aliyotaka kusoma, na watu wakatulia kusikiliza kama khutba.

Nikiwa katikati ya kutaja mashemeji wa Waziri wa Mapazia, nikaona moshi unapanda nyuma ya mapaa ya mitaa. Moshi mweusi, wa kuni na makuti. Mshereheshaji mzuri hutumia kila kinachopita mbele yake, nami nikautumia.

"Ndugu zangu wa foleni," nikasema, "yule pale naona amesahau chungu jikoni. Mtu wa namna ile tusimwonee huruma. Nyumba isiyo na utaratibu huungua, yenye utaratibu husikiliza Njia Saba."

Watu walicheka sana. Waziri wa Viti alicheka mpaka akafungua mlango wa gari apate nafasi ya kucheka. Nikarudia, kwa faida ya waliokuwa mbali.

Kisha tukasikia king'ora. Barabara ya Tano lilitokea gari la zimamoto, jekundu, limejaa maji, likasimama nyuma ya baiskeli ya muuza mkaa. Akashuka Sajini Mwinjaka, mkuu wa kikosi, jasho linamtoka chini ya kofia ya chuma, akaja jukwaani anakimbia nusu na kutembea nusu, maana kukimbia mbele ya mawaziri ni utovu wa adabu.

"Mheshimiwa Mshereheshaji, naomba kupita. Kuna moto."

"Moto tumeuona, Afande. Wewe ni sajini?"

"Sajini, mkuu."

"Basi uko baada ya Mwenyekiti wa Foleni na kabla ya muuza mkaa. Si mahali pabaya."

"Lakini sheria inataja dharura, mkuu."

"Inataja. Dharura itapewa kipaumbele mara tu baada ya itifaki. Tulia, Afande. Chande, mpe Afande maji."

Chande akampa maji. Sajini akayatazama maji kwenye glasi, akayanywa kwa uchungu.

Basi, kwa uungwana tu, ili niweze kumtangaza vizuri zamu yake ikifika, nikamwuliza, "Moto wenyewe uko wapi, Afande, na ni kwa nani?"

"Kivumbasi, mkuu. Nyumba ya makuti. Tumeambiwa tufuate spika kubwa juu ya paa. Kuna bibi kizee ndani, hawezi kutembea."

Nyumba yenye spika Kivumbasi ni moja tu. Nilihakikisha mwenyewe kwamba ni moja tu. Jirani aliyetaka kuweka la kwake nilimripoti.

*

Nataka niseme kwamba pale pale nilipiga kelele, nikaamuru gari lipite. Mtu yeyote angefanya hivyo. Ulimi wangu ulitaka kufanya hivyo. Lakini uliamrishwa na mazoea, na mazoea yaliniambia kwamba kitu kikubwa hakikosi nafasi Njia Saba, ila lazima kiwe na cheo. Mama yangu alikuwa ndani ya moto, na mimi nikaanza kutafuta cheo cha moto.

"Waheshimiwa," nikasema, sauti inatetemeka nchi nzima, "kwa heshima na taadhima, naomba kumtambua Mheshimiwa Moto, aliyeko Kivumbasi, ambaye anawangoja wasaidizi wake walio katika gari jekundu. Naomba wasaidizi wa Mheshimiwa Moto wapite."

Nilijiona nina akili. Sajini Mwinjaka tayari alikuwa amegeuka kukimbilia gari lake. Waziri wa Viti akainua mkono.

"Samahani. Huyu Mheshimiwa Moto aliteuliwa lini?"

"Leo asubuhi, Mheshimiwa."

"Na anakalia kiti gani? Viti vyote napeleka mimi, sijamwona."

"Anakalia nyumba yangu, Mheshimiwa."

Waziri wa Viti akamtazama Waziri wa Mapazia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wakakubaliana. Kama kweli ni mheshimiwa mpya, walisema, haiwezekani magari yakapita kwenda kwake bila viongozi wenzake kutoa neno la makaribisho. Itaonekana chuki. Wakashuka wote wawili, na walioshuka nao, wakapanda jukwaani kwangu, nami nikajikuta nimewapa kipaza sauti kwa mikono yangu miwili, nimeinama. Waziri wa Viti akaanza kwa kumkaribisha Mheshimiwa Moto katika familia ya viongozi, akamtakia kazi njema, akamwomba aendelee na kasi hiyohiyo.

Moshi ulikuwa umekuwa mnene. Nikashuka jukwaani. Sikumbuki kama nilishuka kwa ngazi. Nyuma yangu nikasikia waziri amemaliza na Chande amepokea kipaza sauti, bila hata kusafisha koo, kama mtu aliyekuwa akijiandaa usingizini kila siku. Alikuwa na sauti nzuri. Sikuwahi kujua, maana sikuwahi kumwacha aseme.

Nikafika ukingoni mwa Barabara ya Nne, ambayo ndiyo ya kwetu. Ng'ambo ile ni kichochoro, na mwisho wa kichochoro ni nyumba yangu. Barabara ilikuwa tupu. Magari yote yalikuwa yamesimama yakingoja kuitwa, hakuna lililokuwa likienda popote. Hapakuwa na kamba, hapakuwa na askari, hakuna aliyenishika shati.

Nikasimama.

Nilisimama miguu pamoja, mikono kifuani, nikamtazama Chande. Nilikuwa nikilia, hilo nalikumbuka, na nilikuwa nikiomba Mungu, na ombi langu lilikuwa kwamba Chande asirefushe sana. Akaita Waziri wa Viti. Akaita kiti. Akaita meza. Akamwita Waziri wa Mapazia na mapazia yake. Akamwita Mwenyekiti wa Foleni, ambaye alipunga mkono, foleni ikaanza uchaguzi. Akaita gari la zimamoto, nalo likashika njia kubwa ya mbali, kwa kuwa kichochoro hakiingii gari. Akamwita muuza mkaa. Mbuzi wa Kivumbasi walikuja kwa wakati wao, wakapita ubavuni pangu, mmoja akanikanyaga, wakavuka.

"Na mwisho," akasema Chande, "anapita raia Ramia, kwa miguu."

Nikavuka. Niliinamisha kichwa kwanza, kushukuru.

*

Nilipofika, nyumba ilikuwa imekwisha kuwa kiwanja. Spika lilikuwa limeanguka kwenye majivu, limekunjamana, halisemi kitu. Majirani walikuwa wamekaa chini, weusi kwa masizi, na ndoo, sufuria na mabeseni yao kando. Yule jirani niliyemripoti alikuwa amefungwa kitambaa mkononi. Ndiye aliyevunja ukuta wa chumba cha ndani kwa shoka. Na katikati ya uwanja, juu ya kinu kilichogeuzwa, amefunikwa kanga iliyolowa maji, amekaa mama yangu.

Nikamwangukia miguuni.

Siwema alikuwa amesimama nyuma yake. Nyusi zake zilikuwa zimeungua.

"Tulikusikia," akasema. "Spika lilikuwa la mwisho kuungua. Tunambeba mama huku wewe unatuambia juu ya chungu jikoni. Ukarudia."

"Siwema, mke wangu..."

"Halafu ukanyamaza. Nikawaambia majirani, amenyamaza, basi yuko njiani, anakuja mbio. Kutoka pale mpaka hapa ni mwendo wa mtu kuimba wimbo mmoja. Ulikuwa wapi muda wote huo?"

Mama aliinua kidevu changu kwa kidole, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo nikichelewa kutoka kisimani.

"Mjibu mkeo, Ramia. Ulikuwa wapi?"

"Barabarani, mama."

"Magari yalikuwa mengi?"

"Hayakuwapo, mama. Nilikuwa sijaitwa."

Majirani wakatazama pembeni. Mama akaniangalia sana, kisha akaangalia mbuzi waliokuwa wakinusa majivu.

"Hawa wamefika kitambo," akasema.

*

Mengine yalikwenda vizuri, nchi yetu haikosi kumaliza jambo. Gari la zimamoto lilifika likiongozana na mawaziri wawili, likamwagia majivu maji safi mbele ya waandishi wa habari. Waziri wa Mapazia alifunua shimo la choo, kwa kuwa ndicho kilichobaki. Tume iliundwa, ikagundua kwamba chanzo cha maafa yote kilikuwa ni moto kuingia katika nyumba ya mtumishi wa umma bila kukaribishwa.

Na mimi nilipewa nishani. Ilisomwa hadharani kwamba raia Ramia, huku nyumba yake ikiteketea na mama yake mzazi akiwa ndani, alisubiri zamu yake kwa utulivu, na kwamba watoto wafundishwe. Nilivikwa Njia Saba, jukwaani kwangu ambako sasa aliita Chande. Nilijaribu kuonekana mwenye huzuni, lakini nishani ilikuwa nzito na nzuri, na kifua, nisiwafiche, kilitoka mbele chenyewe.

Siwema aliitazama nishani niliyoitundika ukutani kwa jirani alikotuhifadhi, jirani yule yule wa shoka, akaitungua, akaenda akamvika mbuzi mkubwa wa kundi. Toka hapo adhuhuri Chande husimamisha kila kitu na kutangaza, "Kwa heshima na taadhima, anapita Mheshimiwa mwenye Nishani ya Subira." Mbuzi huwa amekwisha vuka zamani. Kicheo yuko juu yangu, nami nikikutana naye kichochoroni humpisha.

Jioni tunakula uwanjani kwa jirani, sinia moja. Mama ndiye anayeita. Amekaa juu ya kinu chake, anaita kwa sauti yangu, neno kwa neno, ndipo nilipojua kwamba alikuwa akisikiliza kweli. "Kwa heshima na taadhima, anakaribia sasa mwenye nyumba na shoka lake. Anakaribia mke wa mwenye nyumba. Anakaribia Siwema wa nyusi mbili zinazoota. Anakaribia paka." Watu hucheka, wananawa, wanakaa. "Na mwisho, raia Ramia, kwa miguu." Nami hukaribia, ninakula kilichobaki, tunacheka pamoja. Nadhani amenisamehe. Mtu ambaye hajasamehe hawezi kutania kila siku.

Ila juzi Siwema na wenyeji wetu walikuwa wamealikwa kwenye maulidi, tumebaki mimi na mama. Alikula kidogo, akasema, "Kwa heshima na taadhima," akasinzia hapohapo juu ya kinu. Usingizi wa watu wazima huja hivyo.

Sinia lilikuwa mbele yangu, limefunuliwa, wali wa nazi na samaki, moshi wake unanigusa pua. Nilikuwa nimenawa. Hapakuwa na mtu mwingine uwanjani.

Nililala na njaa.